Mlango Ulikuwa Wazi: Historia ya Lawama kwa Aliyeibiwa

Katika Kiswahili, habari ya wizi huanza na aliyepotelewa. Aghalabu hatusemi kwanza kwamba mtu fulani ameiba simu, tunasema, "Nimeibiwa simu." Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, mwenye mali ndiye kiima, na mwizi hana nafasi katika sentensi mpaka aongezewe ile "na" ya mtenda. Hili si kosa la lugha, kwani mara nyingi mwizi hajulikani na hakuna wa kumtaja. Lakini mazungumzo yanayofuata hushika njia ileile ya sarufi. Baada ya "pole", msikilizaji huuliza: Uliiweka wapi? Ulikuwa unapita wapi saa zile? Mlango uliufunga? Maswali yote humwelekea aliyepo, kwa kuwa aliyetenda amekwisha kwenda zake.

Methali zetu nazo zimelizungumza jambo hili. "Mali bila daftari hupotea bila habari" humtaka mwenye mali ajue alicho nacho kabla hakijatoweka. "Fisi akimla muwele, mzima funga mlango" huenda mbali zaidi, na inafaa isomwe kwa makini. Anayeambiwa afunge mlango ni mzima. Methali haimwendei muwele kumuuliza kwa nini alilala mlango ukiwa wazi. Onyo limetolewa kwa yule ambaye bado hajadhurika, na msiba wa aliyedhurika umeachwa ubaki msiba.

Wasomaji wanaoishi London, Chicago au Muscat wanaufahamu ushauri wa siku hizi: mabango ya polisi katika vituo vya treni yanayotaka abiria waangalie simu zao, barua za kampuni za bima zinazouliza aina ya kufuli, ujumbe wa benki unaoonya kwamba namba ya siri haipaswi kuambiwa mtu. Je, ushauri huo ni busara tu, au ni namna ya kumtwika aliyeibiwa dhambi ya mwizi? Swali hili huzungumzwa sana kama suala la adabu ya maneno, yaani nani aseme nini na kwa sauti gani. Insha hii inalitazama kwa upande wa historia, na hoja yake ni kwamba maneno si kiini cha jambo. Ushauri wa kujikinga hugeuka lawama pale unapotumiwa kuamua nani abebe hasara, na pale unapoelekezwa kwa mtu mmoja ilhali wapo wengine wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuuzuia wizi wenyewe.

Hirizi na hifadhi

Mafakihi wa Kiislamu walilikabili swali hili mapema. Katika madhehebu manne ya Sunni, adhabu ya hadd kwa mwizi ina masharti mengi, na mojawapo ni kwamba mali iwe imetolewa katika hirz, yaani mahali pa hifadhi panapostahiki mali ya aina hiyo kwa desturi za watu: fedha sandukuni, mifugo zizini, nafaka ghalani. Madhehebu ya Dhahiri hayakulikubali sharti hilo. Neno lenyewe si geni kwetu, kwani ndilo lililotupa "hirizi". Kile kifuko kidogo kinachoshonewa maandishi na kuvaliwa mwilini ni ngome ya mtu, kama vile hirz ilivyo ngome ya mali yake.

Kipo kisa mashuhuri cha Safwan bin Umayya, kilichopokewa katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Dawud. Safwan alilala msikitini akiwa ameliweka joho lake chini ya kichwa. Mwizi akalichukua, akakamatwa, akapelekwa kwa Mtume. Hukumu ilipotolewa, Safwan alishtuka akasema kwamba hakukusudia mambo yafike huko, na kwamba joho lile ni sadaka kwa mtu yule. Akajibiwa kuwa angelifanya hivyo kabla ya kumfikisha mbele ya hakimu. Wanazuoni walichukua mafunzo kadhaa katika kisa hiki. Mojawapo ni kwamba joho lililowekwa chini ya kichwa cha mwenyewe limo katika hirz, ingawa limo mahali pa wazi palipo na watu wengi. Hakuna aliyeona kuwa usingizi wa Safwan ulikuwa uzembe unaoifanya mali yake iwe halali kwa mpita njia.

Mtu anayelitazama sharti la hirz kwa juujuu anaweza kudhani kwamba ni lawama kwa mwenye mali, kwa kuwa sheria inauliza kwanza kama kitu kilihifadhiwa. Lakini tuangalie swali hilo linafanya kazi gani. Hifadhi ikikosekana, kinachopungua ni ukali wa adhabu kwa mwizi. Haki ya mwenye mali haipungui. Anayechuma tunda lisilo lake mtini na kwenda nalo hapatiwi hadd, kwa kuwa tunda lililo mtini halijaingia ghalani. Hata hivyo hulipishwa, na hakimu anaweza kumpa adhabu ya taaziri kwa kadiri aonavyo. Uzembe wa mwenye shamba umemwokolea mwizi mkono, lakini haujampa tunda.

Hapa pametenganishwa maswali mawili ambayo sisi huyachanganya: mkosaji aadhibiwe kwa kiasi gani, na hasara iwe ya nani. Uangalifu wa mwenye mali uliruhusiwa kugusa swali la kwanza tu. Sheria ya Uingereza, ambayo imeyatawala maisha ya wengi wetu huko na huku, ilipita njia tofauti.

Vichaka vya barabarani

Fikra kwamba jamii nzima inawajibika kwa wizi uliotokea katika eneo lake ni ya kale mno. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa katika jiwe yapata karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, aliyenyang'anywa atangaze hasara yake mbele ya mungu, kisha mji na mkuu wake wamlipe. Uzembe nao ulitajwa, lakini ulikuwa uzembe wa mwekewa amana: aliyepokea mali ya mwenzake aihifadhi, akaiacha ikaibiwa pamoja na yake, alipaswa kuirudisha, kisha amtafute mwizi mwenyewe.

Uingereza ilikuwa na sheria ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 500. Mwaka 1285 Mfalme Edward I alitoa Sheria ya Winchester. Nchi ilikuwa imegawanywa katika maeneo ya kiutawala yaliyojumuisha vijiji kadhaa, ambayo hapa nitayaita tarafa. Sheria iliagiza kwamba mtu akinyang'anywa mali barabarani, na wenyeji wa tarafa wasiweze kuwatoa wanyang'anyi, basi wenyeji hao wailipe hasara. Katika utaratibu huo tarafa ilipewa siku 40 za kuwatafuta wahalifu, jambo litakalomfanya msomaji wa Kiswahili atabasamu, kwani zile arobaini za mwizi wetu huko zilikuwa zimeandikwa katika sheria.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na ushauri mwingi wa kujikinga. Malango ya miji yafungwe tangu jua kuchwa hadi kuchomoza. Zamu za ulinzi ziwekwe usiku katika miezi ya joto. Na barabara zinazounganisha miji yenye masoko zifyekwe vichaka na mitaro kwa futi 200 kila upande, ili mtu mwenye nia mbaya asipate pa kujificha. Kifungu hiki cha vichaka ndicho kinachostahili kukumbukwa zaidi. Hakikumwambia msafiri aepuke njia zenye vichaka. Kilimwambia mwenye ardhi avifyeke, na kikaongeza kwamba bwana wa ardhi akikataa, kisha unyang'anyi ukatokea mahali hapo, yeye ndiye atakayeujibia. Kinga ilikuwa wajibu wa mwenye uwezo wa kuitekeleza, na aliyeupuuza wajibu huo alilipa.

Historia ya karne zilizofuata ni historia ya wajibu huo kubanduliwa kidogo kidogo kutoka mabegani mwa jamii na kuwekwa mabegani mwa msafiri. Mahakama ziliamua kwamba tarafa haiwajibiki kwa unyang'anyi wa usiku, kwa hoja kwamba mchana ndio wakati wa kusafiri. Katika karne ya 16 zikaamua kwamba haiwajibiki kwa mali iliyochukuliwa ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba ya mtu ni ngome yake na ni juu yake kuilinda. Akiibiwa humo, ahesabiwe kuwa kosa ni lake. Mwaka 1585 Bunge liliongeza masharti: aliyenyang'anywa awape habari wakazi wa karibu bila kukawia, na ale kiapo mbele ya hakimu. Mwaka 1677 ikaja sheria ya kuiheshimu Jumapili, nayo ikasema kwamba anayesafiri siku hiyo akanyang'anywa, tarafa haimlipi kitu. Baadaye mahakama zilibidi zieleze kwamba anayekwenda kanisani hahesabiwi kuwa msafiri. Mwaka 1749 ikawekwa sheria nyingine: anayedai zaidi ya pauni 200 awe alikuwa na mwenzake wakati wa tukio.

Tukiyasoma masharti hayo kwa mfululizo tunayasikia maswali yale ya sebuleni. Ulikuwa unapita wapi usiku? Nyumba uliifunga? Jumapili ulikuwa unatafuta nini njiani? Fedha zote zile ulizibeba peke yako? Mtu anaweza kuzitetea sheria hizo kwa kusema kuwa zilizuia madai ya uongo, na haitakuwa hoja ya kupuuzwa. Hata hivyo kila sharti lilikuwa pia tundu ambalo wenye wajibu walipitia kuukimbia wajibu wao. Swali la kama msafiri alikuwa mwangalifu halikumsaidia yeyote kumkamata mnyang'anyi. Kazi yake ilikuwa kuamua nani asilipe.

Mwaka 1827 wajibu wa tarafa kulipa hasara ya unyang'anyi ulifutwa, ukabaki ule wa uharibifu wa fujo za umma. Miaka miwili baadaye, 1829, London ikapata polisi wake wa mji mkuu. Raia akaahidiwa ulinzi wa dola, lakini dola haikuahidi kulipa ulinzi huo ukishindwa. Tangu hapo, mtu aliyeibiwa na mwizi asipatikane amekuwa akibeba hasara mwenyewe, au pamoja na bima yake kama anaimudu.

Kanuni ya jamii nzima kulipa haikufa kabisa, bali ilivuka bahari na kugeuzwa. Katika Kenya ya kikoloni, Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima ya Waafrika kutozwa faini, na sheria ya wizi wa mifugo na mazao ya mwaka 1913 iliweka faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa. Mkosaji asipoweza kulipa, mzigo uliwashukia jamaa zake. Kwa sura, hii ni Winchester. Kwa roho, ni kinyume chake. Katika tarafa ya Kiingereza, aliyelipa leo angeweza kulipwa kesho akinyang'anywa yeye. Katika hifadhi za Waafrika, wajibu ulikwenda upande mmoja: walioamriwa kulipia mifugo ya mlowezi hawakuwa na sheria ya namna hiyo ya kumlipisha mlowezi kwa walichopoteza wao, seuze ardhi. Ni vyema kulikumbuka hili, tusije tukadhani kwamba kila wajibu wa pamoja ni haki. Nani anamlipa nani ndilo swali.

Sayansi ya mwathirika

Katikati ya karne ya 20 swali hili liliingia vyuoni. Mwaka 1948 Hans von Hentig, mwanazuoni wa Kijerumani aliyekuwa amehamia Marekani, alichapisha kitabu kuhusu mhalifu na mwathirika wake, akadai kwamba mwathirika naye hushiriki kuuumba uhalifu. Benjamin Mendelsohn, mwanasheria wa Romania, alipendekeza taaluma nzima ya kuwachunguza waathirika na kuwapanga kwa viwango vya hatia. Upinzani ulikuja. Mwaka 1971 mwanasaikolojia William Ryan alitoa nchini Marekani kitabu ambacho jina lake ndilo lililoueneza msemo wa "kumlaumu mwathirika". Ryan hakuwa akizungumzia wizi hasa. Alikuwa akiwajibu walioueleza umaskini wa Wamarekani weusi kwa kasoro za familia zao, badala ya kuueleza kwa ubaguzi, mishahara na nyumba mbovu. Msemo ulipohamia katika mambo ya jinai ulibaki na ukali wake, lakini mara nyingi ulipoteza nusu ya hoja, ile iliyouliza ni nani anayenufaika macho ya watu yakikazwa kwa mwathirika.

Wakati huohuo, watafiti wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, akiwemo Ronald Clarke, walianza kuhoji kwamba wizi mwingi huzaliwa na fursa, na kwamba fursa inaweza kupunguzwa. Wapinzani wao waliona hapo mlango mwingine wa lawama: ukisema fursa humfanya mtu kuwa mwizi, si umesema kuwa aliyeiacha fursa amemfanya mwenzake mwizi? Jibu linategemea fursa hiyo imetengenezwa na nani, na historia ya magari inalionyesha vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ililazimisha magari yote, mapya na ya zamani, yawe na kufuli la usukani, na wizi wa magari ukashuka sana. Uingereza ilipofuata mwaka 1971, ililazimisha magari mapya tu. Wezi wakahamia kwenye magari ya zamani, ambayo aghalabu huendeshwa na wasio na uwezo wa kununua jipya. Kwa miaka mingi madereva walikumbushwa kufunga milango, kutoacha mkoba juu ya kiti, kuegesha chini ya taa, na wizi uliendelea kupanda. Mwaka 1992 serikali ilifanya jambo la aina nyingine: ilichapisha orodha ya magari ikionyesha ni aina gani zinaibwa zaidi. Aliyeaibishwa safari hii alikuwa mtengenezaji, wala si dereva. Kuanzia mwaka 1998 kila gari jipya lilitakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halali. Wizi wa magari nchini Uingereza na Wales, uliofikia kilele katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, ulishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Hakuna ushahidi kwamba madereva wa Uingereza walipata akili mpya katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni gari.

Kanada nayo ilikilazimisha kifaa hicho mwaka 2007. Marekani haikufanya hivyo, ikayaachia makampuni yaamue. Miongoni mwa magari ya mwaka 2015 yaliyouzwa Marekani, asilimia 96 ya aina za magari za makampuni mengine zilikuwa na kifaa hicho bila kulipiwa zaidi. Kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26 tu. Kuanzia mwaka 2021, video za vijana wakionyesha namna ya kuyawasha magari hayo zilienea mitandaoni, na katika miji kama Milwaukee wizi ukafurika. Polisi walianza kugawa vyuma vya kufungia usukani, na wenye magari wakaambiwa waegeshe penye mwanga. Ushauri huo ulikuwa sahihi, na aliyeufuata huenda aliliokoa gari lake. Lakini ni uleule wa kumwambia msafiri akwepe vichaka. Miji kadhaa, Milwaukee, Seattle na New York ikiwemo, iliyashtaki makampuni, na bila kujua ikarudi kwenye hoja ya mwaka 1285: mwenye vichaka ndiye avifyeke. Mwaka 2023 makampuni yalitoa programu mpya za kuyakinga magari na kukubali kulipa takriban dola milioni 200 kumaliza kesi ya wateja.

Mfano mwingine, huu wa kufurahisha, ni mtaa wa Kirkholt mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Katikati ya miaka ya 1980 nyumba za mtaa huo wa watu wa kipato kidogo zilikuwa zikivunjwa mno. Watafiti waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ilikuwa katika hatari kubwa ya kuvunjwa tena, na kwamba wezi wengi walifuata mita za gesi na umeme zilizolipiwa kwa sarafu. Mita hizo ziliigeuza kila sebule ya maskini kuwa kijisanduku cha fedha za kampuni. Mradi haukuwaandikia wakazi vijitabu na kuwaacha. Mita za sarafu ziliondolewa, makufuli yakaimarishwa katika nyumba zilizokwisha kuvunjwa, na majirani wa karibu wakaombwa waitazame nyumba hiyo. Katika miezi ya mwanzo uvunjaji ulishuka kwa zaidi ya nusu. Hapa aliyeibiwa aliulizwa maswali yote: mwizi aliingilia wapi, saa ngapi, alichukua nini. Maswali yalikuwa yaleyale ya lawama, lakini muulizaji alikuja na fundi.

Namba ya siri

Tofauti ya lawama na ushauri haijaonekana wazi popote kama katika benki. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya uhamishaji fedha kwa njia ya elektroniki. Mteja ambaye fedha zake zimetolewa na mtu asiye na idhini hubeba hasara ndogo yenye kikomo, kuanzia dola 50, na kikomo hicho hutegemea alichukua muda gani kutoa taarifa. Namna alivyoitunza kadi yake haihesabiwi. Ufafanuzi rasmi wa kanuni hizo unasema kwamba uzembe wa mteja hauwezi kuwa sababu ya kumwongezea mzigo, hata kama aliiandika namba ya siri juu ya kadi yenyewe. Mwaka 1980 mahakama moja ya New York iliamua kumwamini mteja aliyesema hakutoa fedha, dhidi ya kompyuta ya benki iliyosema alizitoa.

Uingereza ya wakati huo ilikwenda upande wa pili. Mabenki yalishikilia kuwa mashine zao hazikosei. Kwa hiyo mteja aliyelalamika ama alikuwa mzembe aliyeitoa namba yake, ama ni mwongo. Askari polisi mmoja aliyelalamika kuwa fedha zake zimetoweka alishtakiwa yeye kwa jaribio la ulaghai, akatiwa hatiani mwaka 1994, na hakusafishwa mpaka aliposhinda rufaa mwaka 1996. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Cambridge, aliyachunguza mambo haya na mwaka 1993 akaonyesha kwamba udanganyifu mwingi wa mashine za ATM ulitokana na makosa ya kawaida ya mabenki yenyewe na watumishi wake. Alichoongeza ndicho kiini: benki inayoweza kumlaumu mteja haina sababu ya kujichunguza. Lawama kwa aliyeibiwa, mbali na kumwonea, humlewesha usingizi yule mlinzi mwingine.

Uingereza imejirekebisha kiasi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyedanganywa akatuma fedha kwa tapeli kwa mkono wake mwenyewe hurudishiwa fedha zake hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Uzembe mkubwa unaweza kumnyima mteja haki hiyo, lakini hautumiki dhidi ya mtu aliye katika hali dhaifu. Hii ni tarafa imerudi, isipokuwa wenyeji wake safari hii ni mabenki.

Watu wazima kuwaambia watu wazima

Pingamizi la kawaida ni kwamba mtu akijua atalipwa atajisahau. Pengine wapo wa namna hiyo. Lakini aliyeibiwa hupoteza vitu ambavyo fidia haivirudishi, kama picha za marehemu, siku za kwenda kituoni na benki, usingizi, na uaminifu wake kwa mtaa. Hakuna anayehitaji kulaumiwa ili ajifunze hasara. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba ushauri wowote ni matusi, na kwamba wezi ndio waambiwe wasiibe. Msimamo huo ni safi kimaadili, lakini humwacha mpangaji wa Kirkholt na mita yake ya sarafu. Kumnyima mtu maarifa yanayoweza kumkinga, ati kwa kuilinda heshima yake, ni kumheshimu nusu.

Tunachoweza kukichukua katika safari hii ni maswali matatu ya kuuuliza ushauri wowote. La kwanza, unasemwa lini? Onyo lililotolewa kabla humpa mtu nguvu, na lililetwa baada ya wizi humwachia hukumu tu. La pili, ni nani mwingine ameambiwa? Bango linalomwonya abiria mahali ambapo mtengenezaji wa simu, kampuni ya treni na mwenye jengo hawajaagizwa kitu limechagua mlinzi mnyonge kuliko wote. La tatu, litafanyiwa nini jibu? Polisi akiuliza kama dirisha lilikuwa wazi ili ajue mwizi aliingilia wapi, anafanya kazi yake. Bima ikiuliza hivyohivyo ili ipate sababu ya kutolipa, inaisoma upya ile sheria ya mwaka 1677.

Sisi tunaoishi mbali na makwetu tuna sababu ya ziada ya kuyazingatia haya, kwani mgeni ndiye huambiwa upesi zaidi kwamba hakuujua mji. Anapoibiwa, ugeni wake huhesabiwa kuwa uzembe: hakujua mtaa wa kuepuka, hakuijua saa ya hatari, alimwamini asiyeaminika. Na sisi wenyewe, katika vikao vyetu, huwa wepesi wa kusema, "Si nilikwambia?" Hekima ya methali zetu haikatai mlango ufungwe. Inachokataa ni mzima kupoteza muda akimhoji muwele, ilhali fisi bado yuko nje na nyumba za jirani hazina komeo.